Mekapu kwa Wavaa Miwani: Maswali Ninayoulizwa Kila Wiki Hapa Dodoma

Nimevaa miwani tangu kidato cha pili, na kazi yangu ni kupamba. Napamba mabibi harusi na wasimamizi wao, akina mama wa sendofu, wahitimu wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wakati wa mahafali, na dada wa ofisini wanaopita saluni alfajiri kabla ya kupanda gari la Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Wengi wao wana miwani, na wengi wameambiwa na mtu fulani kwamba mekapu na miwani haviendi pamoja. Siyo kweli. Mteja mwenye miwani akikaa kwenye kiti changu, namwomba aivae kwanza nimtazame vizuri, ndipo nafungua mkoba. Miwani ni sehemu ya uso wake, kama nyusi zilivyo.

Siku ya harusi yangu nivue miwani?

Kama umejiamulia mwenyewe, sawa. Kama ni shangazi na mashoga ndio wanaokusukuma, usivue.

Miaka yangu ya mwanzo kazini nilimpamba binti mmoja wa Nkuhungu mwenye miwani ya mainasi tano. Ndugu zake walisema avue ili picha zipendeze, nami nikanyamaza kwa sababu nilikuwa mgeni wa kazi na wao ndio waliolipa. Ukumbini, MC alipotambulisha wazazi wa upande wa mume, binti yule aligeuka akatabasamu vizuri kabisa kuelekea meza ya wapishi. Wakati wa kwenda kwenye keki alimshika msimamizi wake mkono kama mtu anayevushwa mto. Picha zilipotoka ikawa karibu zote amefinya macho, maana mtu asiyeona mbali hufinya macho ili aone, hata asipojua kama anafanya hivyo. Mekapu ya macho niliyoihangaikia saa nzima haikuonekana. Tangu siku hiyo sinyamazi tena.

Ukitaka kweli kuwa bila miwani siku hiyo, nenda kwa mtaalamu wa macho miezi miwili kabla, ujaribu lenzi za kuvaa ndani ya jicho (contact lens). Ukizijaribu kwa mara ya kwanza asubuhi ya harusi utalia, na siyo kwa furaha. Njia nyingine ni kutafuta fremu ya pili inayoendana na gauni. Vyovyote utakavyochagua, siku ya kujaribu mekapu njoo na miwani ileile utakayovaa.

Nikivua miwani sioni kioo. Nitajipakaje wanja?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na jibu lake linategemea miwani yako ni ya aina gani.

Mwenye miwani ya mainasi haoni mbali ila karibu anaona. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo hiyo karibu inavyosogea kwenye pua. Chukua 100 ugawe kwa namba yako, utapata sentimita unazoweza kuona safi bila miwani. Mainasi 4 ni sentimita 25. Mainasi 5 ni sentimita 20. Ila sura unayoiona kwenye kioo haiko juu ya kioo. Ni kana kwamba imesimama nyuma yake, mbali sawasawa na ulivyo wewe mbele yake. Kwa hiyo ile hesabu igawe tena kwa mbili: mwenye mainasi 4 anatakiwa kuweka kioo karibu sentimita 12 kutoka usoni, nusu shubiri hivi. Ndiyo maana kile kioo kikubwa cha ukutani hakikusaidii hata ukikiinamia. Nunua kioo kidogo cha mkononi kilicho bapa, kisimamishe juu ya vitabu, ukisogelee.

Wengi huniambia wamenunua kioo cha kukuza na bado wanaona ukungu. Sababu ni kwamba kioo cha kukuza hukuza sura, na wakati huohuo huipeleka nyuma zaidi. Kwa mtu wa mainasi kali, hapo umemsaidia kwa mkono mmoja ukamwangusha kwa mwingine.

Kwa mwenye miwani ya plasi, na kwa sisi tunaosogea miaka 40 na kuanza kusoma meseji kwa mkono ulionyooka, mambo yako kinyume. Kioo cha kukuza kinatufaa sana kwa sababu ileile inayomwangusha mwenzetu: sura inakuwa kubwa na inakaa mbali kidogo. Pia kuna miwani maalumu ya kujipambia, ambayo kila lenzi inafunguka peke yake kama dirisha. Unashusha lenzi ya jicho la kulia ulipake huku la kushoto likiona, kisha unabadilisha. Mama akizizoea hizo, hatamwita tena binti yake kila asubuhi.

Halafu mkono. Kaa chini, egemeza kiwiko mezani, kidole kidogo kiguse shavu. Usijaribu kuchora mstari kwa mpigo mmoja. Weka nukta tatu kwenye mzizi wa kope, moja mwanzoni, moja katikati, moja mwishoni, kisha ziunganishe kwa brashi ndogo. Vaa miwani utazame, vua urekebishe. Wanja wa penseli unasamehe makosa kuliko wanja wa maji, kwa hiyo anza na penseli hadi mkono uzoee.

Kwa nini macho yangu yanaonekana madogo ndani ya miwani, na ya dada yangu yanaonekana makubwa?

Wewe utakuwa na lenzi za mainasi, yeye za plasi. Lenzi ya mainasi ni nyembamba katikati na nene pembeni, nayo hupunguza kila kilicho nyuma yake. Lenzi ya plasi imevimba katikati na hukuza. Tofauti hiyo inabadilisha kabisa jinsi ya kupaka.

Ukiwa na mainasi, kazi yako ni kufungua jicho. Weka shado ya rangi nyepesi kwenye kigubiko chote, yaani ngozi inayofunika jicho, na rangi nzito kidogo kwenye kona ya nje tu. Ukipenda, paka penseli ya rangi ya maziwa au ya ngozi kwenye ukingo wa ndani wa kope la chini. Nyeusi ukiizungusha jicho zima ndani na nje, utalifunga jicho ambalo lenzi imeshalipunguza. Najua wanja wa kuzungusha ndio tuliokua nao wengi wetu, na bibi zetu walipendeza nao. Kama hutaki kuuacha, upake juu, na chini uishie nusu ya jicho kutoka nje.

Ukiwa na plasi, kila kitu kinakuzwa: uzuri pamoja na makosa. Maskara iliyogandana inaonekana kama miguu ya tandu, na shado isiyochanganywa vizuri inaonekana kama doa. Hapa nenda kwa rangi tulivu zisizometameta, kahawia, zambarau iliyoiva kama zabibu zetu, au udongo, na uchanganye sana. Mstari wa wanja uwe mwembamba.

Faundesheni inatoka puani miwani inapokaa. Nifanyeje?

Anza kwa kuuliza umepaka nini chini yake. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni ngozi inapauka hadi magoti yanaandikika. Kwa hiyo tunajipaka mafuta ya mgando usoni, tena mengi, na dakika mbili baadaye tunaweka faundesheni. Pale ambapo miwani inakandamiza, mafuta na faundesheni vinateleza pamoja. Mtu anaongeza poda, poda inalowa, na saa nne asubuhi pua ina vidonda viwili vya rangi.

Mimi nafanya hivi. Losheni nyepesi usoni, kisha nasubiri dakika kumi. Wakati huo namfanyia nyusi. Faundesheni naipaka kwa sponji yenye unyevu, tabaka jembamba, na nikifika pembeni mwa pua nabonyeza tu na mabaki ya sponji bila kuongeza nyingine. Kisha mteja anavaa miwani kwa sekunde chache na kuivua. Inaacha alama mbili ndogo. Alama zile nazifuta kabisa kwa pamba ya kijiti hadi ngozi ionekane, naweka poda kidogo sana kwa kubonyeza, nasubiri dakika nyingine mbili. Ndiyo, naiacha ngozi tupu chini ya vipedi, vile vijipande vya miwani vinavyokaa puani. Pakifunikwa na miwani hakuna atakayeona, na miwani ikivuliwa hakuna shimo la rangi la kukuaibisha.

Vipedi vyenyewe navifuta kwa kitambaa chenye sabuni kidogo, kwa sababu mafuta ya jana yanangoja mekapu ya leo. Na kama miwani inateleza kila ukiinama, tatizo ni fremu. Mpelekee fundi wa miwani aikaze. Ni kazi ya dakika chache, na mekapu haiwezi kuifanya.

Nimetoka Dar na vipodozi vyangu vyote. Mbona hapa vinapasuka?

Kule ulikuwa unapigana na jasho, hapa unapigana na ukavu. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 nawapata wengi wa namna hii: mtu ameshuka stesheni na poda zake za kukausha mafuta, kesho yake mashavu yana nyufa kama tope la Bahi kiangazi. Punguza poda hadi kwenye pua na paji la uso tu. Sehemu ya chini ya macho, ambayo lenzi huiweka wazi, iachie konsila nyepesi na poda ya kugusa tu.

Maskara inachafua lenzi kila nikipepesa macho.

Kope zako zinagusa kioo. Huenda ni ndefu, mshukuru Mungu, au huenda miwani imekaa karibu mno na jicho. Fundi anaweza kurekebisha vipedi vya pua ili lenzi isogee mbele milimita moja au mbili, na hizo mara nyingi zinatosha. Fremu nzito za plastiki zisizo na vipedi ndizo ngumu kurekebisha, kwa hiyo ukinunua mpya jaribu kupepesa macho palepale dukani.

Upande wa mekapu, kunja kope kwa kikunjio kabla ya maskara ili zielekee juu badala ya mbele. Paka maskara kwenye mizizi, na ncha uzipitie kwa brashi iliyobaki na kidogo. Subiri ikauke kabla ya kurudisha miwani. Watu wengi wanaharibu hapohapo: wanapaka, wanavaa, halafu wanalaumu maskara.

Kope za bandia je?

Fupi, ndiyo. Chagua zilizo fupi katikati na ndefu kidogo pembeni. Zile nene za sendofu, zinazofanana na feni, zitafuta lenzi zako usiku kucha. Na anayebandikwa kope kwa gundi za wiki tatu avae miwani yake wakati wa kuchagua urefu, siyo baada ya kumaliza.

Nyusi zitaonekana kweli, na fremu iko juu yake?

Hapa fremu ndiyo inayoamua. Ikipita chini ya nyusi, zichonge na uzijaze vizuri maana zinaonekana zote. Ikipita juu ya nyusi, zisafishe tu na usipoteze nusu saa. Ikikatiza katikati, fremu hiyo itagombana na sura yako kila siku, fikiria kuibadilisha. Nawaomba tu msitinde nyusi hadi ziwe uzi. Nyuma ya fremu nyeusi, uso usio na nyusi unapotea.

Rangi ya mdomo iendane na fremu?

Siyo lazima. Fremu nene yenye rangi kali na mdomo mwekundu vinaweza kukaa pamoja vizuri kama macho yametulia. Fremu nyembamba ya dhahabu inapendeza na karibu kila kitu kwenye ngozi zetu.

Miwani imeniachia alama nyeusi puani. Nipake nini zitoke?

Tafadhali soma hili taratibu. Alama hizo zinatokana na mkandamizo na msuguano wa kila siku, na ngozi nyeusi hujibu msuguano kwa kuongeza weusi. Usipoondoa mkandamizo, hakuna krimu itakayoshinda. Anza kwa fundi: fremu nyepesi, vipedi laini vya silikoni, miwani iliyokaa sawa pande zote. Paka mafuta ya kujikinga na jua, maana jua linazidisha weusi ule. Zitafifia kwa miezi, taratibu.

Wakati unasubiri, zifiche. Rangi ya chungwa iliyofifia chini ya konsila inazima weusi vizuri kwenye ngozi zetu. Gusa kwa kidole cha pete, kidogo tu.

Mkorogo hapana. Najua unauzwa kwenye vikopo visivyo na jina, na najua anayeuza ni mtu unayemfahamu. Haidrokwinoni na zebaki, ambazo hutiwa humo ili kuchubua ngozi, zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini kwetu, na tangu 2019 kazi ya kudhibiti vipodozi iko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Pembeni mwa pua ni sentimita mbili tu kutoka kwenye jicho lako. Kipodozi kisicho na orodha ya viambato wala jina la mtengenezaji kisifike hapo.

Fremu yangu ya chuma inaniwasha nyuma ya masikio na puani.

Huenda ni nikeli, madini yaliyomo kwenye fremu nyingi za bei rahisi. Kama hata hereni za bei rahisi hukuwasha, basi dalili ni hiyo. Hamia kwenye titani au plastiki. Usifunike kipele kwa faundesheni. Kiache kipone, na kikiendelea, muone daktari.

Upepo wa Julai hadi Septemba unanimaliza. Vumbi linaganda usoni.

Linaganda kwenye kitu kinachonata. Mafuta ya midomo yanayong'aa, hailaita ya majimaji na losheni nzito vyote vinakusanya vumbi kutoka soko la Sabasaba hadi nyumbani. Miezi hiyo tumia rangi za mdomo zinazokauka, na mashavuni blasha ya unga.

Miwani inakusaidia hapa, inazuia sehemu ya vumbi kufika jichoni. Ila likiingia, usisugue. Ukisugua utasambaza wanja, na chembe ya mchanga inaweza kuchubua jicho. Vua miwani, osha mikono, mwaga maji safi jichoni hadi itoke, ndipo urekebishe mekapu. Wa bodaboda: vaa kofia ngumu kwanza, kisha ingiza mikono ya miwani taratibu pembeni. Ukivaa kofia juu ya miwani, itakusukumia vipedi kwenye mekapu, na kukunja fremu juu yake.

Nafuta lenzi kwa ncha ya kanga. Kuna ubaya?

Kanga yenyewe laini, vumbi lililo juu ya lenzi ndilo baya. Ukifuta kikavu, unasugua mchanga kwenye kioo, na baada ya mwaka unaona kila taa imezungukwa na nywele. Suuza kwanza kwa maji, weka tone la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, pitisha vidole pande zote hadi kwenye vipedi, suuza, kausha kwa kile kitambaa laini ulichopewa pamoja na miwani.

Maji yetu mengi hapa yanatoka visimani na yana chumvi. Usiyaache yakauke yenyewe juu ya lenzi, yanaacha vidoa vyeupe. Futa mara moja, au suuzia mwishoni kwa maji ya kunywa. Asetoni ya kutolea rangi ya kucha isikaribie miwani kabisa. Inayeyusha fremu za plastiki na kuharibu lenzi, nimeona kwa macho yangu fremu ya mteja ikilainika mezani pale ilipomwagikiwa. Na ukitaka kupuliza spreyi ya nywele, marashi, au ile ya kushikilia mekapu, vua miwani kwanza.

Tunaishi wanne hosteli, tunatumia wanja mmoja. Mbona hatujaumwa?

Mdogo wangu, kwa hili naomba unielewe. Tuko mkoa ambao vikope tunavijua kwa majina ya bibi zetu. Wilaya ya Kongwa imefanyiwa utafiti wa vikope, yaani trakoma, tangu miaka ya 1980, kwa sababu watu wengi waliugua. Ni bakteria wanaohama kutoka jicho hadi jicho kwa vidole, kwa vitambaa, na kwa inzi wanaotua kwenye tongo. Mtu akiambukizwa mara nyingi tangu utotoni, kigubiko kinapata makovu kwa ndani, kope zinageuka na kuanza kukwangua mboni. Nimeona kibano cha kung'olea kope kikining'inia shingoni mwa bibi mmoja kama ufunguo. Kila siku chache mjukuu wake alikaa naye mlangoni penye mwanga, akimng'olea moja moja.

Sisemi wanja wenu ndio ulioleta vikope. Nasema kitu chochote kinachogusa jicho la mmoja na kwenda kwa mwingine kinaweza kubeba ugonjwa, kuanzia macho mekundu ya kawaida. Kila mtu awe na wanja wake na maskara yake. Maskara ikifika miezi mitatu tangu ifunguliwe, itupe, hata kama imebaki. Usiiongezee maji wala mate. Penseli uichonge kabla ya kila matumizi. Jicho likiwa jekundu au linatoa tongo, mekapu ya macho ipumzike hadi lipone, na ulichokuwa unatumia siku hizo kitupwe.

Mpambaji akikufuata na brashi ya maskara iliyotoka kwa mteja aliyepita, una haki ya kukataa. Sisi tunatakiwa kutumia brashi za kutupa. Mwambie kwa upole, lakini mwambie. Na bibi au mama mwenye kope zilizogeukia ndani asibandikwe kope za bandia wala kupakwa wanja. Apelekwe kwa wataalamu wa macho, maana upasuaji mdogo wa kigubiko upo na unasaidia.

Wanja wa manga nao?

Baadhi ya wanja wa jiwe husagwa kutokana na madini yenye risasi, metali yenye sumu. Risasi ikiingia mwilini haina faida yoyote, na kwa watoto inaharibu ubongo unaokua. Watoto wachanga msiwapake, hata kama nyumbani ni desturi ya siku nyingi. Kwa mtu mzima, tumia wanja wenye lebo unayoweza kuisoma.

Mikono ya miwani ipite juu ya mtandio au chini?

Chini inakaa imara zaidi, ila usifunge mtandio ukabana masikioni, utapata maumivu ya kichwa. Funga, kisha ingiza miwani kwenye nafasi ya vidole viwili pembeni mwa uso. Hii inaepusha pia kuvuruga faundesheni ya mashavuni.

Kwenye picha miwani inawaka mwanga na macho hayaonekani.

Ukinunua lenzi, ulizia zenye tabaka la kuzuia mwako. Zinaongeza gharama, lakini kwa anayepigwa picha nyingi zinafaa. Kama huna, inua mikono ya miwani kidogo juu ya masikio ili lenzi ziiname mbele kiasi kisichoonekana, au ushushe kidevu kidogo. Mpiga picha naye aweke taa pembeni na juu, siyo usawa wa macho yako.

Wenye lenzi zinazobadilika rangi juani, kumbukeni: picha za nje, iwe Nyerere Square au kwenye shamba la zabibu, mtaonekana mmevaa miwani ya jua. Zinaitikia mionzi ya jua, hamuwezi kuzibembeleza. Kaeni kivulini kwa dakika kadhaa kabla ya picha, au muwe na miwani ya kawaida ya siku hiyo.

Nikivaa lenzi za ndani, nianze na nini?

Osha mikono, vaa lenzi, kisha mekapu. Usiku toa lenzi kwanza, kisha futa mekapu. Usizisuuze kwa maji ya bomba wala ya kisima, hata kidogo. Maji hayo yanaweza kuwa na vijidudu vinavyokula mboni. Na siku za upepo mkali, vaa miwani yako tu.

Mama yangu ana miaka 68, ana sherehe ya mjukuu mwezi ujao, na anasema hata kwa miwani haoni sawasawa. Utampamba?

Nitampamba kwa moyo wote. Lakini kwanza mpeleke akapimwe. Akisema anaona kama kuna moshi na taa zinamchoma, huenda ni mtoto wa jicho, na huo hautibiwi kwa kubadilisha miwani bali kwa upasuaji. Kwa watu wa upande wa Chamwino, Hospitali ya Mvumi ina jina katika huduma za macho kwa miaka mingi. Mjini, hospitali ya rufaa ya mkoa na Benjamin Mkapa zipo.

Akifanyiwa upasuaji kabla ya sherehe, macho yake nitayaacha kabisa hadi daktari aruhusu. Wanja wa zamani mtupe. Miwani mpya msinunue haraka, maana namba hubadilika jicho likitulia. Siku hiyo nitampaka losheni, faundesheni nyepesi inayofanana na shingo yake, blasha kidogo, nyusi nitazijaza kwa kijivu cha kahawia, na mdomo rangi ya zabibu. Mlete saa mbili asubuhi, kabla ya mabinti hawajajaa. Kiti chake nitakiweka kuelekea dirishani, na kioo kidogo nitamshikia mwenyewe.